Sinuru ni Nani?

Siku niliyoliandika neno hilo ubaoni kwa mara ya kwanza, nililiandika kwa herufi kubwa nikalipigia mstari, kama tulivyofundishwa chuoni: USANISINURU. Mbele yangu kulikuwa na Darasa la Tano, watoto zaidi ya tisini, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili na waliosalia wamekaa sakafuni. Nikalisoma, wakaitikia. Nikalisoma tena, wakaitikia kwa nguvu zaidi, maana watoto hupenda neno refu. Kisha kijana mmoja wa nyuma kabisa, mchunga mbuzi ambaye siku nyingi alifika shuleni saa nne, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, Sinuru ni nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi niligeuka nikautazama ubao, nikaona alipolikata. Alilikata neno kama mtu anavyokata muwa, pale alipodhani pana kifundo: usani, Sinuru. Kwake yeye palikuwa na fundi fulani, bwana au bibi Sinuru, na usani wake ndio tuliokuja kujifunza. Nikafuta, nikaandika upya kwa mafungu mawili: usanisi, yaani kuunganisha vitu mbalimbali kupata kitu kipya, na nuru, ambayo haikuhitaji mwalimu. Lakini jina lilikuwa limeshashika. Mwaka mzima watoto wale waliniambia habari za Sinuru. Jani likinyauka, Sinuru anaumwa. Wingu likifunika jua, Sinuru amefunga duka.

Ilikuwa Februari 2003. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kama tulivyouita wote hadi wazee wa kijiji. Watoto walimiminika. Darasa la Kwanza lilikuwa na watu wa miaka saba na watu wa miaka kumi na miwili wakishika kalamu kwa mara ya kwanza pamoja. Madarasa yalikuwa yakijengwa kwa nguvu za wananchi, na tulifundisha huku tukisikia tofali zikishushwa.

Nilikuwa nimepangiwa kijiji kimoja wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu kule milimani kijani ni kitu ambacho mtu hakioni kwa vile hakikosekani. Kinaota hadi juu ya paa. Ugogoni niliingia mwezi wa Septemba, nikakuta ardhi nyekundu, miiba, mibuyu isiyo na jani hata moja, na upepo unaoamka na vumbi asubuhi na kulala nalo usiku. Mvua huko ni msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili, basi. Ukiikosa hiyo, subiri mwakani. Nilipokabidhiwa azimio la kazi nikakuta somo la jani linavyotengeneza chakula limewekwa Oktoba. Aliyelipanga hakuwa amechungulia dirishani. Nikalivuta mbele hadi Februari, wakati kunde, mtama na uwele viko shambani. Mwalimu wa taaluma alininunia wiki mbili kwa kuvuruga ratiba, halafu akasahau.

Sikuwa na maabara. Nilikuwa na ubao, chaki, kitabu kimoja cha kiada kwa watoto sita au saba, na mfano mmoja nilioupenda mno. Jani, niliwaambia, ni jiko. Maji yanapanda kutoka mizizini kama mama anavyotoka kisimani na ndoo. Hewa ukaa inaingia kwa vitundu vidogo vya jani, navyo ndiyo milango ya jikoni. Umbijani, ile rangi ya kijani ambayo vitabu vingine huiita klorofili, ndiye mpishi. Na jua ndilo moto. Vikikutana vyote, sukari inaiva, na mvuke unaotoka nje ya jiko ni oksijeni tunayovuta sisi. Nilichora jani kubwa ubaoni, nikalichorea mafiga matatu katikati. Watoto walilinakili kwenye madaftari, wengine wakaongeza na mwiko.

Nilitoka darasani siku ile nikijiona mwalimu kweli.

Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja apande punje tatu za kunde kwenye kopo, alitunze, alete baada ya wiki mbili. Yaliletwa makopo ya kila aina, ya maziwa, ya rangi, vifuu vya vibuyu, hata kandambili moja pana iliyokatwa kisigino na kujazwa udongo, ambayo mpaka leo sijui ilimwagiliwaje. Kunde nyingi zilikuwa fupi, nene, za kijani. Za yule mchunga mbuzi zilikuwa ndefu kuliko za wote. Zilikuwa pia njano, shina jembamba kama uzi, vijani vidogo vimejikunja, na zote tatu zimeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza mlangoni.

Nikamuuliza alikuwa ameziweka wapi.

"Jikoni, mwalimu. Karibu na mafiga."

Nyumba yao ilikuwa tembe la asili la Kigogo, kuta za udongo, paa bapa la udongo, na vidirisha vya kupitisha ngumi. Ndani ya tembe saa sita mchana unahitaji dakika nzima macho yazoee kabla hujauona uso wa mwenyeji wako. Aliliweka kopo pale, kwa nia njema kabisa.

"Wewe ulisema jua ndilo moto wa jiko la jani," akanieleza. "Jua liko mbali. Mimi nikazipa moto wa karibu."

Nimesema mambo mengi yasiyo sahihi darasani katika miaka yangu, lakini sidhani kama kuna lililorudi kwangu likiwa limebebwa kwa uangalifu namna ile, kwa mikono miwili, ndani ya kopo. Mtoto hakuwa amekosea. Alifuata mfano wangu neno kwa neno hadi ulipofika mwisho, na mwisho wake ulikuwa jikoni kwa mama yake, gizani.

Ikabidi nilifumue somo. Moto wa jikoni hupika kwa joto. Jani linachotaka kwa jua ni mwanga. Joto linaweza kuharakisha au kukwamisha kazi, lakini si joto linalounganisha maji na hewa. Niliyasema hayo kwa maneno mengi, mpaka binti mmoja wa mbele, mtoto wa mama muuza mboga, akayafupisha: "Kwa hiyo jani likipata moto halipiki, linapikwa." Nikaandika sentensi yake ubaoni chini ya mafiga yangu.

Lakini kwa nini basi zile kunde za gizani zilikuwa ndefu kushinda nyingine? Hilo ndilo lililowasumbua, na walikuwa na haki ya kusumbuka. Kama hazikula, zilipata wapi urefu? Jibu limo ndani ya punje. Mbegu ya kunde hubeba akiba ya chakula, kama msafiri anayefungashiwa na bibi yake. Mche ukiota gizani hutumia akiba yote kurefuka, ukiutafuta mwanga, wala haupotezi nguvu kutengeneza rangi ya kijani ambayo haina kazi bado. Ndiyo maana zilikuwa njano, na ndiyo maana ziliinama: upande ule kulikuwa na mlango. Tuliliweka kopo lake nje ya darasa, juani. Siku ya tatu vijani vilikuwa vya kijani. Alivitazama kila mapumziko, na siku hizo alifika shuleni mapema, saa moja na nusu, mbuzi sijui alimwachia nani.

Baada ya hapo sikuamini tena mdomo wangu peke yake. Nilitaka waone.

Kuna jaribio ambalo kila mwalimu wa sayansi amelisoma chuoni, na wengi wetu tulilisoma tu. Jani linapotengeneza sukari kwa wingi, sehemu ya sukari hiyo huigeuza wanga na kuuhifadhi. Wanga ukikutana na iodini hugeuka rangi ya bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Unachohitaji ni jani, maji ya moto, spiriti na iodini. Nesi wa zahanati alinipa spiriti kidogo na kichupa cha iodini, akanionya kwamba kama mtu atajikata wiki ile nitamjibu mimi.

Tulianza na iodini yenyewe, wajue tabia yake. Tone moja kwenye kiporo cha ugali: bluu. Kwenye kipande cha muhogo: bluu. Kwenye nyanya: hakuna kitu. Kisha wakaanza kunipora kichupa. Ukurasa wa daftari ulipotiwa tone ukaingia weusi, na swali likaja papo hapo: "Mwalimu, karatasi nayo ni chakula?" Viwandani wanaipaka wanga ili ishike wino, nikawaambia. Kuna mmoja aliyetafuna kona ya daftari lake kuhakikisha.

Kisha jani. Somo lilikuwa saa mbili asubuhi. Nililichuma jani la kunde mwenyewe, bichi, limelowa umande. Nikalitia kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, likalegea. Nikaliondoa jiko la mkaa kabisa na kulipeleka nje, maana spiriti na moto haviketi chumba kimoja, nikalitumbukiza jani kwenye glasi ya spiriti na glasi nikaisimamisha ndani ya sufuria ya yale maji ya moto. Polepole spiriti ikaanza kuwa ya kijani, na jani likapauka hadi likafanana na karatasi iliyonyeshewa. Watoto walisimama juu ya madawati. Nikalisuuza, nikalitandaza kwenye sahani nyeupe ya mwalimu mkuu, nikadondosha iodini.

Likabaki kahawia. Rangi ya iodini yenyewe.

Nikaongeza tone. Kahawia. Watoto zaidi ya tisini walininyamazia kwa heshima, na ukimya wa heshima ni mbaya kuliko kicheko. Niliwaambia huenda jani lilikuwa na kasoro. Kengele ikaniokoa.

Wakati wa mapumziko yule binti wa muuza mboga akanifuata ofisini, akasimama mlangoni akizungusha ncha ya sketi. "Mwalimu, ulilichuma asubuhi."

"Ndiyo."

"Hata kwetu asubuhi hakuna chakula. Kinapikwa mchana."

Nilimtazama, nikakumbuka kwa aibu kwamba jambo hilo nililisoma chuo cha ualimu na kulijibu kwenye mtihani. Usiku jani halitengenezi chakula, lakini mmea haulali njaa: wanga uliohifadhiwa mchana unavunjwa na kusafirishwa kwenda kwenye mizizi, shina, maua na mbegu. Kufika alfajiri ghala la jani ni karibu tupu. Nilikuwa nimewaonyesha watoto sufuria iliyokwisha kuoshwa. Mfano uleule uliompeleka mtoto mmoja gizani ulimpa mwingine jibu ambalo mwalimu wake hakuwa nalo. Tangu hapo nimeacha kubishana na wanaosema mifano ni mizuri au ni mibaya.

Siku ya pili tulichuma saa nane mchana. Iodini ilipogusa jani, weusi ulianza kwenye sehemu nyembamba ukatambaa hadi ukalijaza lote. Kelele zake zilimtoa mwalimu mkuu ofisini akidhani nyoka ameingia.

Sehemu iliyofuata niliiba wazo kitabuni lakini vifaa vilikuwa vyetu. Ofisini kulikuwa na karatasi ya kaboni, ile ya bluu nyeusi ya kuweka kati ya karatasi mbili ili nakala itoke. Niliomba moja iliyochakaa. Watoto wakakata herufi, ndogo, za kuenea jani la kunde. Kila kundi herufi yake. Jioni, jua likishazama, tukazibana herufi juu ya majani yaliyo shambani bado, kwa vibanio vya karatasi. Usiku majani yalimaliza akiba yake. Kesho yake jua likayapiga kutwa, ila pale palipofunikwa. Saa nane tukayachuma, tukachemsha, tukapausha, tukadondosha iodini.

Jani lote likawa jeusi, na katikati yake ikabaki herufi M, kahawia hafifu, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine kama alivyoikata mtoto kwa wembe butu.

Nimewahi kuwaona watu wakitazama picha zao zikitokea kwenye karatasi studio. Ndivyo walivyotazama. Waliandika kwa giza. Kila mtu akataka jina lake lote, na karatasi ya kaboni ya ofisi ikawa inapungua bila maelezo.

Kutoka hapo maswali hayakunisubiri nimalize sentensi. Mchicha mwekundu je, na wenyewe hauna kijani, unapikaje? Hili nililijibu kwa sufuria. Mchicha mwekundu una umbijani kama majani mengine, ila rangi nyekundu imeufunika. Nyekundu hiyo huyeyuka kwenye maji. Ukiuchemsha, maji yanakuwa ya zambarau na jani linaachwa la kijani. Mabinti wote darasani walishaliona hilo nyumbani mara mia, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba ni sayansi. Kuhusu kulala chini ya mti usiku, kwamba mti unakunyonya pumzi, niliwaambia kweli mti nao hupumua, mchana na usiku, na usiku haurudishi oksijeni. Lakini unachovuta ni kidogo, na hewa ya porini haina mlango wa kufungwa. Mtu wa kumwogopa chini ya mti usiku ni fisi.

Swali lililochukua siku nyingi zaidi lilikuwa la mzazi. Baba mmoja alikuja shuleni, akasalimia vizuri, akaketi, akaniambia mwanawe anawafundisha nyumbani kwamba samadi si chakula cha mmea. "Mwalimu, mimi nimelima tangu utoto. Niweke samadi nisiweke, tofauti naiona kwa macho. Wewe unasema mtama unakula upepo?"

Alikuwa na hoja, na nilimwambia hivyo. Samadi inaupa mmea madini, na pasipo madini jiko halijengeki. Lakini wingi wa mmea, ule uzito unaobebeshwa punda siku ya mavuno, hautoki kwenye udongo. Nikamsimulia habari za mzee mmoja wa Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, ambaye alikausha udongo ratili 200, akautia kwenye chombo, akapanda mche wa mti wenye uzito wa ratili 5, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na kitu. Akaukausha udongo tena na kuupima. Ulikuwa umepungua aunsi 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, mwenyewe akiwa ameshafariki miaka minne.

"Basi ni maji," akasema yule baba.

Na hivyo ndivyo alivyosema van Helmont mwenyewe. Alipima udongo, akapima mti, akahesabu maji, na hewa aliyokuwa amesimama ndani yake hakuihesabu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Jan Ingenhousz, daktari wa Kiholanzi, hajaonyesha mwaka 1779 kwamba sehemu za kijani za mmea zikiwa kwenye mwanga ndizo zinazoisafisha hewa. Baba yule alipoondoka hakuwa amekubali. Aliniambia atafikiri, akaniachia boga.

Tulijaribu kurudia jaribio la van Helmont kwa ndoo ya udongo na mizani ya dukani. Wiki ya tatu mbuzi waliula utafiti wetu wote, na mwenye mbuzi hakuwa mbali na darasa.

Aliyelifungua jambo hili alikuwa mtoto ambaye baba yake alichoma mkaa. Nilikuwa nimerudia kwa mara ya kumi kwamba jani linachukua hewa ukaa, kwamba hewa hiyo ni kidogo mno, kama sehemu 4 katika sehemu 10,000 za hewa yote, na kwamba humo ndimo unamotoka mwili wa mti. Macho yao yalikuwa makavu. Akauliza, karibu kwa kunung'unika, "Ukaa ndiyo mkaa?"

Nilikuwa nimelitamka neno lile miaka yote bila kulisikia. Kaa la moto, mkaa, ukaa: mzizi mmoja. Kwenye tanuri la mkaa baba yake alifukia magogo, akayaunguza bila kuyapa hewa ya kutosha, na kilichobaki cheusi, chepesi, ndicho sehemu kubwa ya kile ambacho jani lilikuwa limekiokota hewani, chembe kwa chembe, miaka mingi. Mkaa ukiwashwa jikoni hurudi kuwa hewa ukaa na kubaki jivu kiganjani, na jivu ndilo lile lililotoka udongoni. Nikamwomba alete kipande cha mkaa. Tukakichoma hadi mwisho kwenye karai, tukalitazama jivu: kijiko kimoja. Hiyo ndiyo samadi ya baba mwenye boga, nikawaambia. Kilichobaki kimekwenda kilikotoka. Lugha yao wenyewe ilikuwa imewatangulia, na kitabu chetu cha kiada, kilichojaa maneno ya kutungwa, hakikuwa na mstari mmoja uliowaambia hivyo.

Niliulizwa pia swali ambalo nililijibu vibaya. Mvua ilikuwa imekwisha, Julai, mibuyu imepukutisha. Mchunga mbuzi akasema: mbuyu una miezi haujapika. Sinuru ameondoka. Unaishije? Nikajibu kama mtu anayetaka kwenda kula: unalala, unatumia akiba. Akaitikia, "Ndiyo mwalimu," lakini akiwa na sura ya mtu aliyeona kitu kingine.

Kesho yake akanipeleka kwenye mbuyu nyuma ya uwanja. Watu wa huko huchuna gome la mbuyu kwa kamba, na mbuyu huotesha gome jingine. Akachukua kisu chake cha machungani, akakwangua gome la kijivu kidogo tu, unene wa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. Kijani kibichi, katikati ya Julai, kwenye mti ambao wote tulisema umelala.

Akiba ipo kweli, lakini ngozi ile nayo hufanya kazi nuru inapopenya, majani yakiwa hayapo. Nililithibitisha kwenye vitabu baadaye. Yeye alilijua tangu akiwa na miaka sita, akichunga; alichokuwa hajui ni kwamba kijani kina maana. Aliposikia tu kwamba kijani ni mpishi, akakumbuka kule alikokiona. Nilimwandikia alama kumi juu ya kumi kwa swali ambalo sikuwa nimelitoa.

Yule binti wa muuza mboga alichaguliwa kwenda sekondari mwaka 2006. Alikuja kunisalimia likizo ya kwanza, sare mpya, viatu vya kubana. Shikamoo, marahaba, masomo vipi. Masomo magumu, akasema, Kiingereza tupu. Biolojia wamefundishwa kitu kimoja kigumu sana, amekariri lakini hakimwingii, kinaitwa fotosinthesisi. Akanitajia maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, haraka, macho yameelekea darini.

Nikamwambia, huyo ni Sinuru.

Alinyamaza. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili na kucheka mpaka akakaa chini. Muhula mzima alikuwa amekariri maneno ya kigeni kuhusu jambo ambalo yeye ndiye aliyenifundisha mimi, mlangoni pa ofisi yangu, akizungusha ncha ya sketi. Hakuna mtu kule aliyemwambia kwamba ni kitu kilekile. Na sisi huku hatukuwa tumemwambia kwamba kina jina jingine. Nimeshiriki semina nyingi kuhusu lugha ya kufundishia, nimesikia pande zote, na katika zote ninachokiona ni mtoto huyo amefunika uso.

Nimestaafu sasa, nimerudi Lushoto. Mwezi uliopita nilikuwa napanga masanduku, nikakuta daftari la maandalio la mwaka 2003. Ndani yake, kati ya kurasa mbili, nilikuwa nimelibana lile jani lenye herufi M. Nililifungua kwa uangalifu, nimejiandaa kuuona weusi ule na mguu mfupi wa herufi. Lilikuwa jani kavu la rangi moja, karatasi tupu. Iodini haikai, baada ya muda hupotea hewani, na bluu huondoka nayo. Wanga lakini haujaenda popote. Ukidondosha tone jipya, kama jani halijaoza wala kuliwa na wadudu, M inapaswa kurudi.

Nyumbani sina iodini. Nimelirudisha kwenye daftari, nikaliweka juu ya meza, na kesho nikienda sokoni nitapita zahanati.